Usiukimbilie Kinoo

Na Karani wa Parokia

Wasomaji wapenzi, leo nataka tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho wengi wetu tumekiona mikononi mwa baba zetu na babu zetu, lakini sisi tuliozaliwa nyuma hatujui kukitunza. Nacho ni wembe wa kukunja, ule ambao bapa lake huingia ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni. Najua mtaniambia, "Karani, mambo hayo yamepita, siku hizi twanunua nyembe za kutupa dukani." Ni kweli. Hata mimi kidevu changu nakinyoa kwa nyembe hizo za dukani. Lakini ngojeni kwanza niwasimulie yaliyonipata, maana nilikosa mbele ya baba yangu mzazi, na nisingependa mwingine akose kama mimi.

Baba yangu ni mzee sasa. Wembe wake aliurithi kwa babu, aliyeununua Tanga zamani za kazi ya mkonge, katika miaka ya 1950. Karibu na mpini limechorwa neno Solingen, ndilo jina la mji wa Ujerumani unaojulikana tangu zamani kwa kazi ya visu na nyembe. Tangu utoto wangu sikumwona baba akitumia wembe mwingine. Kila Jumamosi jioni alikuwa akiketi nje karibu na dirisha, bakuli la maji ya moto kando yake na kioo mbele yake, akijinyoa taratibu ili kesho yake aende Misani na uso safi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Lakini baba hakuwa kinyozi, naye alijinyoa mwenyewe zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Akauacha wembe katika sanduku lake, na ndevu zikaota ovyo ovyo. Yeye hakusema neno. Mama ndiye aliyeniita kando akaniambia, "Baba yako hataki kwenda kanisani, aona haya kwa uso ule. Wewe ndiye mwanawe mkubwa. Mnyoe."

Basi Jumamosi ile nikautoa wembe sandukuni. Nikaona una vipaku vya kutu, na makali yake ni butu. Nami kwa elimu yangu ya chuo cha ualimu nikafikiri hivi: chombo kikiwa butu hunolewa, na cha kunolea ni kinoo. Nyuma ya jiko letu kuna kinoo cha kunolea mapanga. Nikatia maji, nikausugua wembe kwa nguvu, tena nikauinua mgongo kidogo, kama nifanyavyo kwa panga, ili makali yapate sawasawa. Nilipoyagusa kwa kidole yakakwaruza, nami nikafurahi, nikidhani ndio ukali wenyewe.

Nikamketisha baba, nikampaka sabuni, nikaanza. Mara ya kwanza wembe ulizivuta ndevu badala ya kuzikata, naye akafumba macho. Mara ya pili ukamkata chini ya sikio, damu ikashuka mpaka kwenye ukosi wa shati. Baba hakupiga kelele. Alinishika mkono tu, akasema, "Mwanangu, hapo umenoa jembe. Acha tu." Akachukua taulo, akaingia ndani na uso wake umenyolewa nusu. Jumapili ile hakwenda Misani. Na maneno yale mawili, "acha tu", yaliniuma kuliko kama angalinichapa fimbo.

Siku ya gulio nikauchukua wembe kwa kinyozi mmoja mzee, ambaye hukaa chini ya mwembe karibu na soko. Yeye naye siku hizi huwanyoa watu kwa mpini unaotiwa kipande cha wembe wa dukani, kipya kwa kila mtu. Lakini kazi ya zamani hajaisahau.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Lete nione." Akaukunjua wembe, akauelekeza juani, akautazama kitambo. "Nani ameuua wembe huu?"

Nikakiri kosa langu. Mzee hakucheka. Aliuweka kwake juma zima, akaunoa kwa vinoo vitatu, kimoja laini kuliko kingine, na cha mwisho laini kama kioo. Niliporudi aliniwekea kidole juu ya mgongo wa wembe, mahali palipong'aa na kulika. Akasema, "Waona hapa? Wembe ukilazwa juu ya kinoo kama ipasavyo, mgongo na makali hugusa pamoja, na vyote viwili huliwa pamoja. Chuma kilicholiwa hakirudi. Wembe huu umefika kwa babu yako, ukafika kwa baba yako. Ukiuleta kunolewa kila mwezi, hautamfikia mwanao. Sasa niambie, ukanda wake uko wapi?"

Nikamwuliza, "Ukanda gani?"

Mara nikakumbuka. Pale nyumbani, kwenye mwimo wa mlango wa nyuma, palikuwa na ukanda mpana wa ngozi unaning'inia. Siku moja sisi watoto tuliuchukua tukaufanya kamba ya kumfungia ndama, tukaukatakata. Baba alituchapa sana, nasi hatukujua kwa nini ametukasirikia hivyo kwa ajili ya kipande cha ngozi. Tangu siku ile akawa akitumia mkanda wa suruali yake. Kumbe ukanda ule ndio uliokuwa ukitunza wembe miaka yote.

Basi, wasomaji wapenzi, haya ndiyo aliyonifundisha mzee yule, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye. Kwanza inafaa tujue kwa nini wembe huwa butu.

Unene wa unywele mmoja wa ndevu ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini ukingo wa makali ya wembe ulionolewa vizuri haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu chembamba namna hiyo, hata kikiwa chuma, ni rahisi kupinda na kumeguka. Mwaka 2020 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walitangaza mambo waliyoyaona walipotazama wembe ukikata ndevu chini ya hadubini. Waliona kwamba unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, na hata hivyo huweza kuyamega makali. Hutokea hivyo unywele unapopinda mbele ya wembe, ukakutana na mahali ambapo chuma hakilingani ugumu wake. Tena kuna adui wa pili, naye ni maji. Wembe wa zamani ni wa chuma kinachoshika kutu, na kutu huanza kula pale penye wembamba zaidi, yaani kwenye makali yenyewe. Kwa hiyo wembe uliolazwa na maji huweza kuamka butu bila ya kumnyoa mtu yeyote.

Hapo ndipo ukanda unapofanya kazi yake. Kinoo hukata chuma na kutengeneza makali mapya. Ukanda hautengenezi makali mapya. Huyanyoosha yaliyopinda kidogo, huyalainisha na kuyasafisha. Hivyo wembe ukiwa umechoka tu, dawa yake ni ngozi. Ukiwa na pengo unaloweza kuliona, au umepitishwa kwenye ngozi mara mbili tatu na bado wavuta ndevu, hapo ngozi haiwezi tena, upelekwe kwenye kinoo laini kwa mtu ajuaye. Kosa langu lilikuwa la namna mbili. Niliukimbilia kinoo kabla sijajaribu ngozi, na kinoo chenyewe kilikuwa cha mapanga.

Sasa nitaeleza namna ya kufanya.

Kwanza, tafuta ngozi laini ya ng'ombe, isiyo na mkunjo wala kovu, upana wake kama vidole vinne na urefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Tundika upande mmoja kwenye mwimo wa mlango au kwenye msumari imara. Ukipata na kipande cha turubai safi cha kipimo hicho hicho, kitundike pamoja nayo, maana wembe hupita kwenye kitambaa kwanza, kisha kwenye ngozi.

Pili, kabla ya kuanza, ipanguse ngozi kwa kiganja cha mkono kilicho safi. Vumbi la kwetu mwalijua. Chembe moja ya mchanga juu ya ngozi yatosha kuyatia makali pengo.

Tatu, shika upande wa chini wa ukanda kwa mkono wa kushoto, uukaze mpaka unyooke. Ukanda mlegevu hubonyea, na ukibonyea huyafanya makali yawe ya mviringo. Lakini usiubandue mlango wa watu kwa kuvuta.

Nne, ulaze wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Upitishe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Hili lisahauliwe na mtu yeyote ila asiyetaka kunyolewa: kwenye kinoo makali hutangulia, kwenye ngozi mgongo ndio utanguliao. Ukikosea utaikata ngozi na kuyaharibu makali kwa mara moja.

Tano, ukifika mwisho wa ukanda, usiuinue wembe. Ugeuze juu ya mgongo wake, kama mtu aliyelala ageukavyo kitandani bila kuamka, kisha urudi nao. Makali yasiigeukie ngozi kamwe.

Sita, usikandamize. Uzito wa wembe wenyewe karibu watosha. Anayejifunza na aende polepole. Mbio za kinyozi wa mjini zitakuja zenyewe, na zisipokuja hakuna hasara. Mzee alinifundisha kuhesabu kwenda na kurudi kuwa moja, nifanye 20 kwenye turubai na 40 kwenye ngozi, kila mara kabla ya kunyoa.

Huenda mwingine akauliza, "Mimi sina ngozi, nifanye nini?" Basi kuna njia ya maskini, nayo ni ya kweli. Chukua gazeti, ulikunje mara kadhaa kwa urefu, uliweke juu ya meza iliyonyooka, upitishe wembe kama nilivyoeleza. Karatasi yake hulainisha makali, na wino mweusi wa magazeti umetengenezwa kwa masizi laini sana, nayo husaidia. Hata gazeti hili litafaa, lakini naomba lisomwe kwanza. Tena vinyozi wa zamani walikuwa wakimalizia wembe juu ya kiganja chao wenyewe. Nimemwona mzee akifanya hivyo, lakini mimi sijathubutu, wala simshauri mtu ambaye mkono wake haujazoea.

Kazi ya kuyatunza makali haiishi kwenye ukanda. Namna ya kunyoa nayo yaweza kuyahifadhi au kuyaua. Ndevu kavu ni ngumu, zilizolowa ni laini. Kwa hiyo weka kitambaa chenye maji ya moto usoni, kikae dakika mbili tatu, ndipo upake sabuni. Unaponyoa, lilaze bapa karibu na shavu, mgongo umeinuka kidogo tu, kama nyuzi 30. Ukiuinua zaidi unakwangua, na ngozi ya mtu pamoja na makali vyote huumia. Kwa mzee, ambaye ngozi yake imelegea, ivute taratibu kwa kidole mpaka inyooke, kisha ndipo upitishe wembe. Na unapousuuza, usiugonge kwenye ukingo wa bakuli. Kuugonga mara moja kwaweza kuharibu kazi ya siku nyingi.

Ukimaliza, usuuze wembe na uupanguse kwa kitambaa kikavu, ukifuta kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, siyo kinyume chake. Upitishe tena kwenye turubai mara kumi ili maji yaliyofichika yatoke. Kisha upake mafuta kidogo ya cherehani, kiasi cha tone moja kwa kidole, uuache ukae wazi mpaka ukauke kabisa kabla ya kuukunja. Usiuweke katika ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu, na hasa wakati wa masika utaukuta na kutu.

Nina maneno mawili ya tahadhari, na nawaomba wazazi wayasikilize vizuri. La kwanza ni hili: wembe ni wa mtu mmoja. Wembe huchuna ngozi na kubeba damu hata pale usipoiona kwa macho. Kwa njia hiyo mtu aweza kumwambukiza mwenzake virusi vya ini vya aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na hata virusi vya UKIMWI. Kuupangusa kwa kitambaa au kuupitisha kwenye ngozi si kuusafisha. Kwa sababu hiyo mimi sijinyoi kwa wembe wa baba, wala ndugu zangu hawajinyoi kwa huo, hata ukiwa mkali namna gani. La pili, ni ile methali ya mtoto akililia wembe, mpe. Wahenga walikuwa na maana yao, lakini katika nyumba yenye wembe wa kukunja isifuatwe. Uwekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na ukanda wake nao usifanywe kamba ya ndama.

Twaweza kujiuliza ujuzi huu ulipotelea wapi. Mmarekani mmoja, King C. Gillette, alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha bapa mwaka 1903, na mwaka 1918 jeshi la Marekani likawagawia askari wake nyembe hizo. Tangu hapo watu wengi duniani wakazoea kutupa wembe ukiwa butu, wala hawakuwa na haja ya ukanda. Sisemi kwamba ni vibaya. Kinyozi anayewanyoa watu wengi anapaswa kutumia wembe mpya kwa kila mtu, na hilo ni jambo jema sana kwa afya. Lakini mazoea ya kutupa yametufanya tusahau kwamba kuna vitu ambavyo havikufanywa vitupwe. Mtu wa namna hiyo akikutana na kitu kilichochoka, ajua mambo mawili tu: kukitupa, au kukisugua kwa nguvu mpaka kiishe. Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wembe nao ni vivyo hivyo. Asiyeupitisha kwenye ngozi dakika mbili leo, kesho ataulipia kinyozi, na wembe utalipa kwa chuma chake.

Sasa nimalize habari ya baba. Niliporudi na wembe kutoka kwa mzee, sikumwambia neno. Nilinunua kipande cha ngozi kwa fundi viatu, nikakitundika kwenye mwimo ule ule wa mlango wa nyuma, nikajifunza kwanza kwa kisu cha mezani kisicho na makali, jioni hata jioni, mpaka mkono ukazoea kugeuza. Baba alikuwa akinitazama kwa mbali. Siku moja akasema, "Ukanda umelegea." Nikaukaza. Siku nyingine akasema, "Taratibu." Nikaenda taratibu. Jumamosi ya tatu akatoka mwenyewe na kiti chake, akaketi karibu na dirisha, akafunga taulo shingoni.

Kabla sijaanza niliuchukua unywele mmoja uliodondoka kichwani mwangu, nikaushika ukining'inia, nikaugusisha kwenye makali. Ukakatika bila kuvutwa. Nikamwekea kitambaa cha maji ya moto, nikampaka sabuni, nikaanza chini ya sikio, pale pale nilipomkata. Hakufumba macho. Nilipomaliza alijipapasa mashavu yote mawili kwa kiganja, akatulia kidogo, kisha akaniambia, "Usisahau mafuta." Kesho yake alikwenda Misani akakaa mahali pake pa siku zote.

Basi, wasomaji wapenzi, kama nyumbani kwenu kuna wembe wa namna hii umefungwa katika kitambaa chini ya sanduku, msiutupe, wala msiupeleke kwenye kinoo cha mapanga. Mwulizeni mzee wenu, maadamu yupo, ukanda wake ulikuwa ukitundikwa wapi.